Karatasi ya 1908 na jembe la wazee wetu

Inchi yetu ilipotoka mkononi mwa mfalme Léopold II, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuitawala, Charte coloniale, tarehe 18 Oktoba 1908. Kifungu cha 2 kilikataza mtu kulazimishwa atumikie kampuni ama tajiri. Maneno mazuri kabisa! Lakini hakuna Mukongo aliyeulizwa, na tangu 1917 wazee wetu walilazimishwa kulima pamba. Aliyekataa alifungwa. Mu 1933 dekreti ikaiita kazi hiyo ya "kufundisha": siku 60 kwa mwaka. Shamba likawa darasa, na pamba ikaenda kwa kampuni zilezile.

Leo charte yetu ni Katiba ya 2006. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya msingi kwa shule za serikali ni ya lazima, tena bure. Ile bure ilianza kutumika mu 2019, kisha miaka 13. Wazazi waliorudi kutoka kambini wanatuuliza kila mara kama wanadaiwa minerval kwa haki. Mwenye kujua kifungu anasimama mbele ya direktere na kuuliza. Asiyekijua anauzisha mbuzi. Tumekiandika kwa Kiswahili, nakala ziko kwa katibu. Muchukue mbele ya masomo kuanza.