Vanila ya Kagera katika Biskuti ya Chokoleti Nyeupe

Biskuti ya chokoleti nyeupe iliyotiwa viungo ina jambo moja la ajabu, nalo ni kwamba kile kinachoipa jina hakina ladha nyingi chenyewe. Chokoleti nyeupe hutengenezwa kwa siagi ya kakao, yaani mafuta ya rangi ya maziwa mabichi yanayokamuliwa katika punje za kakao, pamoja na sukari na maziwa ya unga, bila ule unga wa kahawia unaoipa chokoleti ya kawaida rangi yake na uchungu wake. Viwanda vingi huyaondolea mafuta hayo harufu yake ya asili kabla ya kuyatumia, hivyo mlaji hubakiwa na ulaini, utamu na harufu ya vanila. Kwa sababu hiyo historia ya ladha ya biskuti hii kwa sehemu kubwa ni historia ya vanila, nayo inapita katika migomba ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera.

Ulaini wenyewe ulitangulia kidogo. Mwaka 1828 Mholanzi Van Houten alipewa haki ya uvumbuzi wa shinikizo la kukamua mafuta ya kakao, lakini zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya viwanda vya Uswisi kuanza kuuza chokoleti nyeupe katika miaka ya 1930. Mafuta hayo huyeyuka yakifikia nyuzi joto 34 hivi za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana kipande cha chokoleti hukaa kikavu katika hewa ya Bukoba lakini hulegea mara kinapogusa ulimi. Ukingo wa biskuti hukauka na kukatika kwa mlio kwa kuwa sukari iliyoyeyuka motoni hugandamana inapopoa, ilhali katikati hubaki unyevu kidogo. Na mdalasini, tangawizi au iliki hujitokeza waziwazi kwa sababu hakuna uchungu wa kakao wa kuzifunika, na kwa sababu harufu zake hushikwa na mafuta. Waswahili wa pwani hawakuisubiri chokoleti nyeupe ili waijue siri ya ulaini na viungo: kileja cha Unguja, kinachokandwa kwa unga wa mchele, samli, sukari na iliki, humumunyuka kinywani kwa kuwa unga wa mchele hauna gluteni, ule mnato wa ngano unaoshikamanisha donge. Wahaya wa Kagera nao walikuwa na kitafunwa chao chenye viungo, yaani buni za robusta zilizochumwa kabla ya kuiva, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu na kukaushwa, ambazo hutolewa kwa mgeni na zamani zilitumika hata katika kuchanjia udugu.

Vanila ni tunda la okidi, mmea unaotambaa juu ya miti, ambao asili yake ni misitu ya Meksiko, ambako Watotonaki waliutunza muda mrefu kabla ya Wahispania kufika. Miche ilipopelekwa nje ya Amerika ilistawi na kutoa maua, lakini haikuzaa, kwa kuwa ua la vanila lina utando mwembamba unaotenga chavua na sehemu ya kike, na wadudu wanaoweza kuuvuka hawakuwepo huko. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, aliinua utando huo kwa kijiti na kubonyeza chavua kwa kidole gumba. Mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji alikuwa amefanikiwa kulichavusha ua hilo mwaka 1836, ila njia ya Albius ndiyo iliyokuwa rahisi na ya haraka, na ndiyo iliyoenea Bukini, yaani Madagaska, na Komoro, kisha katika nchi zote zinazolima zao hili. Albius aliachwa huru mwaka 1848, utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Ufaransa, akafa maskini mwaka 1880, na ni vigumu kutaja mtu mwingine aliyeutajirisha ulimwengu wa vitamutamu kiasi hicho akalipwa kidogo hivyo.

Kilimo kilipokuwa kinaenea, wanakemia walikuwa wakiitafuta harufu hiyo kwa njia nyingine. Kiini chake kikuu, kinachoitwa vanilini, kilitengenezwa nchini Ujerumani mwaka 1874 kutokana na utomvu wa misonobari, na baadaye kikawa kikitengenezwa kwa mafuta ya karafuu, wakati ambapo Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza duniani kwa zao hilo. Katika miaka ya 1930 karafuu nayo iliachwa kwa ajili ya mabaki ya viwanda vya karatasi, yenye dutu inayoshikamanisha nyuzi za mbao, na leo vanilini nyingi hutokana na mafuta ya petroli. Muongo ulioleta chokoleti nyeupe sokoni ndio pia ulioleta vanilini ya bei ya chini, na biskuti nyingi za bei ya kawaida hunukia vanilini ya namna hiyo.

Mkoani Kagera vanila ilienezwa miongoni mwa wakulima katika miaka ya 1990, hasa kupitia shirika la MAYAWA, yaani Maendeleo ya Wakulima, lililokuwa na makao yake Bukoba, wakati Waganda wa Mukono ng'ambo ya mpaka walikuwa tayari wanalijua zao hilo. Kutoka Kahororo, ndani ya Manispaa ya Bukoba, hadi nyanda za Kamachumu wilayani Muleba, shamba la kawaida ni kibanja, yaani kiunga kinachozunguka nyumba, chenye migomba, mibuni, maharage na miti ya kivuli vikiwa pamoja. Vanila huhitaji kivuli cha wastani, mbolea ya majani yaliyooza na mvua nyingi, na Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo mgeni huyu alipata nafasi tayari, akapandishwa juu ya mibono.

Ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, hivyo katika msimu wa maua mkulima hupita kila siku akichavusha moja moja. Tunda hukomaa baada ya miezi 9 hivi, likiwa la kijani na lisilo na harufu yoyote ya maana, kwa kuwa vanilini bado imefungwa pamoja na sukari ndani yake. Matunda hutumbukizwa kwa dakika chache katika maji ya nyuzi joto kama 65, hufungwa katika mablanketi yatoe jasho, huanikwa juani kwa saa chache kila siku kwa wiki kadhaa, kisha huhifadhiwa masandukuni kwa miezi hadi yawe meusi, malaini na yenye kung'aa. Kilo 5 au 6 za matunda mabichi hutoa kilo 1 iliyokauka.

Kazi hiyo ndefu huharibiwa kwa urahisi na bei. Kimbunga kilichoipiga Bukini mwaka 2000 kilichangia kuipandisha vanila hadi takriban dola 500 kwa kilo mwaka 2003, kisha bei ikaanguka vibaya ndani ya miaka 2, ikapanda tena baadaye, na kimbunga cha mwaka 2017 kikaisukuma juu zaidi. Bei inapopanda wezi huingia vibanjani usiku, na mkulima anayewaogopa huchuma mapema, jambo linaloiharibu ladha yenyewe, kwani tunda changa halina vanilini ya kutosha hata likikaushwa kwa ustadi.

Matunda mafupi au yaliyopasuka hupewa daraja la chini, ingawa harufu yake yakikomaa haipungui. Yakichanwa kwa urefu na kulowekwa kwa miezi 2 au 3 katika pombe kali yenye kileo cha asilimia 35, kama Konyagi, hutoa arki halisi ya vanila, na matone machache yanatosha donge zima la biskuti. Waokaji wa Bukoba na Muleba wanaonunua chupa za arki ya kiwandani wangefanya vyema kuanza na matunda hayo ya daraja la chini, ambayo wakulima jirani zao huyauza kwa bei ya hasara.