Niliongezea Mlima Kenya Barafu

Acha nikiri mapema kabla mtu hajanianika kwa komenti. Ile picha ya Mlima Kenya niliyoposti mwaka jana, ile yenye barafu inang'aa nyuma ya hema langu la manjano, ile mliyoshea hadi simu ikapata moto, nilidanganya kiasi. Barafu ilikuwepo, sikuiokota mahali. Lakini nilivuta weupe juu, nikafanya mawe ya kijivu ya pembeni yafanane na theluji, halafu nikakata chini palipokuwa na kokoto tupu. Kipande cha barafu kikageuka Antaktika. Nilikuwa nimetembea siku tatu na nimelala kwa baridi ya kugandisha maji ndani ya chupa. Doo ya kiingilio cha mbuga nilikuwa nimekopa. Niliona mlima unanidai heshima na mimi nikaona naudai picha.

Waliosifu hawakunisumbua. Aliyenimaliza ni kijana mmoja, naona kama bado yuko sekondari, aliyeandika: "Bro hiyo ni AI. Kenya hakuna barafu." Akapata laiki kunishinda mimi mwenye picha.

Cheka ukitaka, lakini hiyo komenti ina zaidi ya miaka 170. Mwaka 1849, tarehe 3 Desemba, mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa Kitui, nchi ya mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyeitwa Kivoi. Kivoi ndiye aliyemwambia kuna mlima mwingine mweupe mbali na Kilimanjaro. Siku mawingu yalipofunguka, Krapf akaona kwa mbali vilele viwili vyenye weupe. Mwenzake Rebmann alikuwa ameiona Kilimanjaro mwaka uliotangulia na kuandika kwamba ina theluji. Huko London, mtaalamu wa jiografia aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akawacheka. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani. Yaani "bro hiyo ni AI", kwa Kiingereza cha karne ya 19.

Na Krapf hakuwa na picha. Alikuwa na maneno tu, na maneno ya mtu aliyeambiwa na Mwafrika hayakuwa na bei kubwa kule.

Shuleni tulikaririshwa kwamba Krapf "aligundua" Mlima Kenya. Kwani Wakamba walikuwa wanatazama wapi? Jina lenyewe linatokana na macho yao. Wengi wanasema ni Kiinyaa, mlima wa mbuni, kwa sababu ukiuona kutoka Ukambani mawe meusi na barafu nyeupe vinafanana na manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu wanasema Kirinyaga, na hapo juu ndipo Ngai anapokaa. Wazungu wakachukua jina wakalipa mlima, baadaye koloni, halafu sisi tukalirithi kwa nchi nzima. Fikiria hiyo: nchi yetu imepewa jina la rangi mbili za mlima, na rangi moja inaisha.

Ilichukua miaka hamsini kufika kwenye picha zenyewe. John Walter Gregory alifika kwenye barafu mwaka 1893, na barafu kubwa kuliko zote akaipa jina la Henry Carvill Lewis, msomi Mmarekani wa mambo ya barafu, aliyekuwa amefariki 1888. Basi hadi leo ukifika pale juu unasimama kando ya barafu ya Lewis, jina la mtu aliyekuwa kaburini kabla haijaitwa kwa jina lake. Sina shida na marehemu. Nasema tu.

Mwaka 1899 ndipo ilikuja safari ambayo mimi naiona kama ya kwanza ya "content". Reli ndiyo imefika Nairobi, Nairobi yenyewe ni mahema na matope. Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, anashuka na msafara: Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Jumla watu 170. Kati ya hao Wazungu sita, mmoja anaitwa Campbell Hausburg, mjomba wa mke wa Mackinder, na kazi yake kubwa ni kupiga picha. Tarehe 13 Septemba, Mackinder na Waitalia wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kilele cha Batian, mita 5,199. Alirudi London akaonyesha wakubwa wa Royal Geographical Society mlima ulivyo. Barafu kwenye ikweta, hiyo hapo, Cooley angekuwa hai angekula kofia yake.

Majina ya vilele yalitoka kwa Mackinder pia. Batian, Nelion na Lenana ni majina ya laiboni wa Kimaasai. Hausburg naye alipata pengo lake kati ya mawe, Hausburg Col. Ollier na Brocherel wako vitabuni. Sasa wale 66 na 96 je? Mtu alibeba ile kamera. Za siku hizo zilikuwa masanduku, si kitu cha kutia mfukoni. Mtu alipika, mtu alikata mianzi wapate kupita, na wapo waliouawa njiani wakitafuta chakula. Lugha hii ninayoandika ilipanda Mlima Kenya mwaka 1899 ikiwa na mzigo kichwani, na siwezi kukutajia jina la hata mmoja wao aliyeibeba.

Hapo ndipo nilianza kujisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimefanya yale yale. Kwenye safari yangu ya kwanza tulikuwa na mpagazi mzee, tulimwita Guka. Kamera ilikuwa yangu, lakini mgongo ulikuwa wake: stendi, betri, hema la pili, unga. Asubuhi ya ile picha nilimwambia, "Guka, songa kidogo, unaingia kwenye fremu." Akasonga. Hata hakukasirika. Amesongeshwa na wapiga picha tangu kabla nizaliwe.

Nipitie haraka katikati, ingawa ina stori tamu. Mwaka 1943 wafungwa wa vita wa Kiitalia walikuwa wamefungiwa Nanyuki, na kila asubuhi mlima unawatazama kupitia waya. Watatu kati yao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Enzo Barsotti, walitoroka mwezi wa Januari ili kupanda tu, si kukimbia. Vifaa walijitengenezea wenyewe. Na moja ya picha walizokuwa nazo za kuwaonyesha mlima ulivyo ilikuwa lebo ya mkebe wa nyama wa chapa ya Kenylon. Manze, mimi nina ramani za setilaiti kwa simu na bado nilipotea nikienda choo usiku. Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera ya Italia, wakarudi kambini wenyewe na kufungiwa seli. Miaka ishirini baadaye, usiku wa Uhuru, 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipeleka bendera yetu pale pale Lenana. Mbuga yenyewe ilikuwa imetangazwa 1949.

Wakati huo wote watu wanapiga picha za vilele, bendera na sura zao, barafu ilikuwa nyuma tu, kama pazia la studio. Hakuna aliyesema "leo napiga barafu kabla iishe". Lakini wapo waliokuwa wanaipima. Mwaka 1934 Wajerumani Carl Troll na Karl Wien waliichora ramani ya barafu ya Lewis. Ikapimwa tena 1963, tena na tena baadaye. Mwaka 2010 watafiti kutoka Austria wakalinganisha: tangu 1934 Lewis ilikuwa imepoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Iliyobaki ilikuwa kama ekari 26. Shamba la babu yako huko Laikipia linaweza kuwa kubwa kuliko barafu kubwa zaidi ya nchi nzima. Barafu ya Gregory imeisha kabisa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba Mlima Kenya utabaki bila barafu katika miaka ya 2030, kabla ya Kilimanjaro na Rwenzori.

Wacha niseme na hili, kwa sababu kuna watu wataniruka. Kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya matatu ya kwanza kutoa moshi. Hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, theluji ikapungua, barafu ikakosa chakula. Joto la dunia likaja kumalizia. Na maji ya Tana na Ewaso Ng'iro zaidi yanatoka kwa mvua na msitu, si kwa hako kabarafu. Kwa hivyo ukitaka kulilia maji, lilia msitu kwanza. Barafu ni ushahidi. Picha ni njia moja ya kuuhifadhi ushahidi huo, na mimi nilikuwa nimeuchezea.

Mpiga picha mmoja, Simon Norfolk, alifanya kinyume changu. Mwaka 2014 alipanda na ramani za wale wapimaji, akapata mahali ukingo wa Lewis ulipokuwa miaka mbalimbali tangu 1934. Usiku alitembea kwenye ukingo wa zamani akiwa na mwenge wa petroli, kamera imefungua jicho lake kwa muda mrefu. Kwenye picha yeye haonekani. Unaona mstari wa moto unapita juu ya mawe makavu, mbali sana na barafu iliyobaki. Mwaka uliofuata alishinda kitengo cha mandhari kwenye tuzo za dunia za Sony. Niliziangalia hizo picha kwa saa nzima nikiwa kitandani kwa mamangu. (Mama bado anaambia majirani niko likizo ndefu ya chuo. Niliacha mwaka wa pili. Likizo ni ndefu kweli.)

Nikarudi mlimani. Safari hii sikuwa na wazo la kuwasha moto, mbuga ikiungua msitajua mnilaumu wapi. Nilichapisha picha ya zamani ya Lewis, ya miaka ya thelathini, nikaiweka kwenye karatasi ya plastiki. Mpango: nisimame aliposimama yule, nipige upya, niweke mbili pamoja. Rahisi. Nilimtafuta Guka Naro Moru, akakubali.

Tulipanda, Met Station, halafu lile tope la kumeza gambuti, halafu Mackinder's Camp kati ya lobelia zilizovaa sweta zao za manyoya, na pimbi wakiiba ugali. Siku ya tatu tukafika karibu na Austrian Hut. Nikatoa karatasi. Nikasogea kushoto, kulia, nikapanda jiwe, nikashuka. Vilele havikubali kukaa kama kwenye karatasi. Lenana ilikuwa juu mno. Nikafikiri ni lenzi.

Guka akachukua karatasi, akaitazama muda, akainua kidole hewani, juu kabisa ya kichwa changu.

"Huyu alisimama hapo."

"Hapo wapi, Guka? Hapo ni hewa."

"Alisimama juu ya barafu, kijana. Barafu ilikuwa hapo."

Kwa hivyo picha ile haiwezi kurudiwa. Mahali pa miguu ya mpiga picha hapako tena. Nilikaa chini nikanywa chai.

Halafu nikamwomba kitu kingine: anionyeshe barafu ilipoishia mwaka alioanza kazi ya kubeba, yeye akiwa na umri kama wangu. Akaanza kuteremka, taratibu, mikono nyuma. Mimi nahesabu hatua nikimtazama kwa lenzi. Ilipofika mia mbili na kumi nikadhani amesahau anatafuta nini. Nikamwita. Akapunga mkono bila kugeuka, akaendelea. Alipokuja kusimama alikuwa doa jekundu la koti kati ya mawe. Akageuka akanitazama.

"Sisongi?" akapaza sauti.

"Usisonge, Guka!"

Nikapiga. Jina lake limo kwenye faili ya picha, pamoja na tarehe na mahali. Hapa siliweki kwa sababu alikataa, hataki simu za watu. Sikuvuta weupe. Kijivu kimebaki kijivu, kokoto zote zimo, na ile picha ya mwaka jana nimeirudisha vile ilivyotoka kwenye kamera, mziweke pamoja mlinganishe wenyewe.

Niliposti jana usiku. Komenti ya kwanza ilikuja baada ya dakika mbili: "Poa, lakini barafu iko wapi?"

Kona ya juu kushoto. Vuta uione.