Mgeni na Mwenyeji: Sarah Vaughan na Okestra ya Los Angeles

Alasiri ya tarehe 12 Februari 1924, katika ukumbi wa Aeolian mjini New York, kiongozi wa bendi Paul Whiteman aliwaalika watu wa heshima waje kusikiliza kile alichokiita jaribio la muziki wa kisasa. Na muradi wake ulikuwa kuonyesha kwamba jazi, iliyolelewa na Wamarekani weusi katika majumba ya ngoma na vilabu vya usiku, yaweza kuvishwa joho na kuketishwa barazani pamoja na muziki wa waungwana. Kilichoihifadhi tafrija ile katika tarehe ni Rhapsody in Blue ya George Gershwin, kijana wa miaka 25, ambayo vyombo vyake vilipangwa na Ferde Grofé. Wiki sita na siku mbili baadaye, upande wa pili wa mto Hudson, katika mji wa Newark, seremala mmoja alijaliwa binti, akaitwa Sarah.

Mimi sioni kwamba Whiteman alikuwa na haja ya joho lile. Miaka 12 kabla yake kiongozi wa bendi James Reese Europe alikwisha kuingia Carnegie Hall na wanamuziki weusi zaidi ya mia, wenye banjo, mandolini na piano kadhaa, wala hakumwomba mtu radhi kwa mdundo wao. Lakini fikra ya kwamba okestra humpandisha mpiga jazi daraja ilidumu, na mpiga saksafoni Charlie Parker mwenyewe, aliporekodi na vyombo vya nyuzi mwaka 1949, alifurahia heshima hiyo.

Zaidi ya heshima kulikuwa na mushkeli wa wakati. Wapiga jazi huyashika mapigo yao kutoka kwa besi na ngoma, yakawatambaa mwilini bila ya mtu kuyaonyesha. Ilhali okestra kubwa huyatazama mapigo katika kijiti cha mwongozaji, na mara nyingi sauti hutoka nyuma kidogo ya kijiti, kwa kuwa ndiyo ada yao. Tofauti hiyo ndogo, isiyozidi kupepesa kwa jicho, yatosha kuuvunja wimbo mwepesi vipande viwili, na mbele ya hadhira hakuna kusema turudie.

Ndiyo sababu santuri ya Sarah Vaughan, Gershwin Live!, iliyorekodiwa mwezi Februari 1982 katika Dorothy Chandler Pavilion, makao ya okestra ya Los Angeles Philharmonic zama hizo, yastahili kusikilizwa kwa makini. Mwongozaji, Michael Tilson Thomas, hakuwa mtu wa majoho: mwaka 1976 aliirekodi Rhapsody kwa bendi ndogo, kama ilivyosikika mwanzo, akiufuatisha mkono wa marehemu Gershwin uliohifadhiwa katika karatasi ya tundutundu ya piano ijipigayo yenyewe. Safari hii, katikati ya fidla zote zile, aliwaweka watatu wa Bi Vaughan: George Gaffney kwenye piano, Andy Simpkins kwenye besi, na Harold Jones kwenye ngoma. Fidla ndizo zilizokuja ugenini.

Naye mwenyeji alikuwa binti wa seremala, mwenye umri wa miaka 57, aliyepiga kinanda kanisani Newark, akashinda shindano la Apollo huko Harlem, na mwaka 1943 akaajiriwa na kiongozi wa bendi Earl Hines kwa kazi mbili, kuimba na kupiga piano ya pili. Kazi hii ya pili husahauliwa, nami naiona kuwa ndiyo ufunguo. Kwani aimbapo anasikia sauti zote zilizo chini ya wimbo, na anajua ni ipi aiegemee na ipi aikwepe. Katika My Man's Gone Now, maombolezo ya mjane kutoka Porgy and Bess, hushuka hadi kina cha sauti ya kiume, kisha akapaa taratibu mpaka juu kabisa, na okestra nzima ikamfuata kama jamaa wafuatavyo jeneza, hakuna athubutuye kumpita.

Mwaka 1983 santuri hiyo ilimpatia tuzo ya Grammy. Gershwin hakumsikia, alifariki Julai 1937, katika mji uo huo wa Los Angeles, Sarah akiwa Newark, msichana wa miaka 13, anajifunza piano.