Monet na Renoir Kando ya Seine

Kiangazi cha 1869, Claude Monet na Auguste Renoir, kila mmoja akiwa na miaka 28, walisimamisha turubai zao bega kwa bega huko La Grenouillère, magharibi mwa Paris. Ulikuwa ufuko wa Mto Seine wenye mashua za kukodi, mkahawa uliokuwa ukielea juu ya maji na kisiwa kidogo mno chenye mti mmoja. Wakazi wa Paris walifika kwa treni, wakaogelea, wakala na kucheza dansi.

Kutoka nje na rangi za mafuta kulikuwa kumerahisishwa na Mmarekani John Goffe Rand, aliyebuni tyubu ya bati mwaka 1841. Kabla yake, rangi iliwekwa ndani ya kibofu cha nguruwe, ikatobolewa na kukamuliwa. Hata hivyo, sifa zote asipewe Rand: Camille Corot alishachora nje huko Italia tangu miaka ya 1820.

Njaa nayo ilikuwapo. Monet alikuwa na mpenzi wake, Camille, na mtoto wao mdogo, Jean, na nyumbani siku nyingine hapakuwa na mkate wala moto jikoni. Renoir, ambaye naye hakuwa na kitu, aliwaletea mkate kutoka kwa wazazi wake. Urafiki huo usichukuliwe kama pambo la hadithi. Bila mkate ule, huenda Monet asingesimama pale mtoni.

Mbele yao mandhari yalikuwa yale yale, lakini kila jicho lilichagua lake. Monet aliyashika maji: mistari mipana ya brashi, giza la mashua mbele, mwanga uliokatika vipande vipande. Renoir aliwasogelea watu, akalainisha magauni na majani kwa miguso myepesi. Wote walifanya haraka, kwani mwanga haumsubiri mtu.

Monet alimwandikia rafiki yake Frédéric Bazille kwamba hayo yalikuwa majaribio mabaya tu ya picha kubwa aliyoiota. Alijipunja. Mtindo uliooneshwa Paris mwaka 1874, ulioitwa impreshonizimu, ulikuwa tayari umo ndani ya majaribio hayo.

Leo picha moja ya Monet ya La Grenouillère iko Metropolitan Museum, New York, na moja ya Renoir iko Nationalmuseum, Stockholm. Msomaji azitafute na kuzitazama pamoja.