"Kwenu Wapi?": Historia ya Swali la Asili kati ya Wakimbizi na Wenyeji, Dzaleka na Lilongwe

1.0 Utangulizi

Kambi ya Dzaleka ipo wilayani Dowa, takribani kilometa 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Awali palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Kamuzu Banda. Ni mahali penye historia ndefu ya watu kuhojiwa. Makala haya yanachunguza swali moja linaloulizwa humo: kwenu wapi? Hoja yake ni kwamba nia njema ya muulizaji haitoshi kulifanya swali hilo kuwa salama. Huwa salama pale jibu lisipoweza kutumiwa kumdhuru anayejibu.

2.0 Swali Lililoitangulia Kambi

Nchini Rwanda, utawala wa Ubelgiji uliingiza kabila katika vitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho vyenye maandishi hayo vilidaiwa katika vizuizi vya barabarani, na jibu likawa uhai au kifo. Nchini Burundi, mauaji ya 1972 na yale yaliyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993 yalitoa funzo hilohilo. Mashariki mwa Kongo, Wanyamulenge wameulizwa kwa miongo kadhaa kama kweli wao ni Wakongo.

Watu waliotoka katika historia hizo ni majirani Dzaleka. Kwa hiyo, anayenyamaza kuhusu kabila lake hapaswi kudhaniwa kuwa mnafiki, kwani kimya hicho kinaweza kuwa adabu ya kuishi pamoja. Kiswahili, lugha ya mawasiliano mapana kambini, kinaipa adabu hiyo nafasi. "Kwenu wapi?" halidai kabila, humwachia anayeulizwa kuchagua kutaja nchi, mkoa, kijiji, au Dzaleka yenyewe.

3.0 Swali la Wenyeji

Malawi haikuwa ngeni katika kupokea wakimbizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihifadhi zaidi ya Wamsumbiji milioni moja. Hata hivyo, iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1987, iliweka masharti yaliyobana haki ya ajira na ya kutembea. Wakimbizi waliofungua maduka nje ya kambi walizua swali jingine: kwa nini mgeni achuume mahali ambapo mwenyeji hana mtaji? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa linahusu riziki. Lakini lilijibiwa kwa nguvu za dola. Serikali iliwataka wakimbizi warejee kambini ifikapo tarehe 15 Aprili 2023, na mwezi Mei polisi walianza msako Lilongwe. Mamia walikamatwa, wakiwamo watoto, na baadhi yao walishikiliwa katika Gereza la Maula. Katika mazingira hayo, kusema ukweli kuhusu kwao kuliweza kumponza mtu.

4.0 Mgeni Anapoomba Malazi

Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes La Plume, hutoa mfano tofauti. Wamalawi na wageni wengine huenda kambini, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi. Hapo anayehitaji hifadhi ni yule anayetoka mjini. Anaweza kuuliza kuhusu vita, naye akaulizwa kuhusu maduka na msako. Hakuna anayeandika majibu. Upungufu wake ni kwamba tamasha hudumu siku chache, na sheria hubaki ileile wageni wanapoondoka.

5.0 Hitimisho

Historia ya Dzaleka inawafunza watunga sera mambo mawili. Kwanza, mazungumzo kati ya jamii yasiendeshwe na vyombo vyenye mamlaka ya kukamata, wala taarifa zake zisitumike katika usajili. Pili, malalamiko ya wafanyabiashara wa Kimalawi yasikilizwe mbele ya wakimbizi wenyewe, sambamba na kulegeza masharti ya 1987. Bila hayo, kuwahimiza watu wasemezane kwa uwazi ni kuwataka wajihatarishe.