UZI: Ni kweli Ukambani watu "wanakataa maendeleo"?

1/ Kila mjadala wa bwawa la Thwake ukianza, lazima mtu aseme wenyeji wanazuia maendeleo. Kauli hii ni ya tangu ukoloni. Twende polepole.

2/ 1938: serikali ya kikoloni iliamua mifugo Ukambani imezidi, ikaanza kuichukua kwa nguvu na kuiuza. Kwenye hesabu yao ng'ombe alikuwa anaharibu udongo tu. Kwa Mkamba alikuwa mahari, akiba ya kiangazi na undugu. Watu wakaandamana hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa. Kabla mwaka kuisha, serikali ikarudi nyuma.

3/ Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, dawa ikawa kuhamisha watu. Pori la mbung'o Makueni (enzi hizo ndani ya wilaya ya Machakos) lilifyekwa, familia zikapewa mashamba kwa masharti: mifugo kwa idadi, matuta lazima. Mwanzoni wengi walisita. Si uvivu. Walishaona vilima vya Mua vikienda kwa walowezi.

4/ Hapa ndipo anthropolojia inaingia. Wakamba walitofautisha ng'undu, shamba la familia, na weu, malisho ya wote. Mpimaji akifika kwenye weu anaona "ardhi tupu". Mwenyeji anaona ng'ombe wake watakula wapi ukame ukija.

5/ Miaka ya 1950 matuta yalishika kasi Machakos kupitia mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Lakini tusipambe: machifu pia walitumia mwethya kushurutisha watu. Kujua mila za mtu si sawa na kumheshimu.

6/ Sasa Thwake, pale mto Thwake unapoingia Athi, Makueni upande huu na Kitui ule. Chukua boma moja: hati ina jina la babu, wanaolima ni wana watatu na mjane mmoja, na makaburi yako hapo hapo. Pesa ikifuata hati peke yake, mjane anabaki na nini?

7/ Katiba ya 2010, Kifungu 40(4), inaruhusu fidia kwa wanaokaa kwenye ardhi kwa nia njema hata bila hati. Mlango upo. Kazi ni kuwajua hao watu kabla tingatinga halijafika.

8/ So mwanasiasa akikuambia "wamelipwa, wahame", muulize: nani alilipwa, nani hakuhesabiwa, na ng'ombe wanaenda wapi?