Mashine huitambua rekodi, si mtu

Katika mji wa Bute, eneo la Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, kijana anayetimiza umri wa miaka 18 hujulikana na wazee, majirani na walimu wake. Hata hivyo, anapotoa alama za vidole ili apewe kitambulisho cha taifa, ushahidi wao pekee hautoshi. Alama hizo hulinganishwa na hifadhidata, yaani ghala la rekodi lililomo ndani ya kompyuta.

Kazi hiyo huitwa uhakiki wa utambulisho. Ndiyo hiyo hiyo inayofanyika mfanyakazi anapoingia katika kompyuta ya ofisi, au mteja anapotuma pesa kwa simu. Mashine huuliza maswali mawili: wewe ni nani, na una uthibitisho gani? Majibu yakilingana na rekodi, mlango hufunguliwa, yasipolingana, hufungwa.

Kosa la rekodi

Kaunti za Garissa na Wajir zinayajua vyema madhara ya utaratibu huo unapokosewa. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 kuwapokea waliokimbia vita nchini Somalia. Nyakati za ukame, baadhi ya Wakenya wenye asili ya Kisomali nao walijiandikisha humo pamoja na watoto wao ili wapate chakula, matibabu na elimu. Alama zao za vidole zikaingia katika orodha ya wakimbizi.

Watoto hao walipokua na kuomba kitambulisho, mtambo ulionyesha kwamba ni wakimbizi, na maombi yao yakakwama. Walioathiriwa ni makumi ya maelfu. Asiye na kitambulisho hawezi kujiandikisha kupiga kura wala kufungua akaunti ya benki, na safari ya kwenda Nairobi humtia hofu katika kila kizuizi cha polisi.

Ikumbukwe kwamba mtambo haukukosea kulinganisha alama; vidole vilikuwa vyao kweli. Kosa lilikuwa katika tafsiri. Kuwamo katika orodha ya kugawia chakula kulichukuliwa kuwa ushahidi wa ugeni.

Moduli inavyofungashwa

Wataalamu wa kompyuta hukabiliana na suala kama hilo kila wanapounganisha mashine na hifadhidata. Uhakiki hutengwa katika kipande cha programu kiitwacho moduli. Mpango maarufu wa aina hiyo, PAM, ulibuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Kwa mpango huo, programu ya barua pepe haina haja ya kujua rekodi zimewekwa wapi. Moduli ndiyo inayoulizia. Ile iitwayo pam_mysql, kwa mfano, huuliza hifadhidata ya MySQL.

Mifumo endeshi kama Gentoo na FreeBSD humwezesha mtumiaji kuchukua programu ikiwa bado katika msimbo wake asilia na kuijenga ndani ya mashine yake mwenyewe. Anayefungasha moduli huandika maelekezo: msimbo upatikane wapi, namba ya ukaguzi ya kuthibitisha kwamba haujabadilishwa, programu nyingine zinazohitajika, na faili ziwekwe wapi. Maelekezo hayo husomwa na yeyote, hivyo kasoro huweza kugunduliwa na watu wengi.

Mfungashaji makini huzingatia mambo matatu. Kwanza, faili ya mipangilio huwa na neno la siri la hifadhidata, kwa hiyo isisomwe na kila mtumiaji. Pili, maneno ya siri ya watumiaji yahifadhiwe yakiwa yamefumbwa, ili mwizi wa rekodi asiyapate wazi. Tatu, msimamizi awe na njia nyingine ya kuingia hifadhidata inapokosea au isipopatikana; la sivyo mwenye nyumba atafungiwa nje.

Njia nyingine

Jambo hilo la tatu ndilo wananchi wa Kaskazini Mashariki waliokuwa wakilidai. Ibara ya 12 ya Katiba ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati za utambulisho. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Garissa iliamua kwamba haki za waliosajiliwa mara mbili zilikuwa zimekiukwa. Mwezi uliofuata, Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa usaili wa ziada waliofanyiwa waombaji vitambulisho wa maeneo ya mpakani.

Hata hivyo, kuondolewa kwa usaili hakufuti rekodi. Alama iliyoingia katika orodha ya wakimbizi hubaki humo hadi afisa mwenye mamlaka aiondoe. Kwa hiyo yeyote anayeunda mtambo wa uhakiki, uwe wa ofisi ndogo au wa taifa zima, hana budi kujibu swali moja kabla ya kuuwasha: rekodi ikikosea, mwananchi aende kwa nani?